Ukurutu Nyumbani kwa Muuza Mkorogo

Kaa hapa karibu, wewe unayenisikiliza, na kama una mtoto mgongoni mshushe apumzike. Ninalotaka kukueleza si gumu. Ni habari ya ngozi, na maneno machache ya hospitali ambayo watu huyaogopa kwa sababu hakuna aliyewahi kuyafungua mbele yao. Mimi nitayafungua. Ukiona nakwenda mbio, nishike mkono.

Siku hizo nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya mtu binafsi, si mbali na soko la Kariakoo. Zahanati za namna hiyo zilikuwa zimepigwa marufuku kwa muda mrefu, kisha zikaruhusiwa tena, na daktari wetu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutundika kibao mlangoni. Alikuwa Mhindu, mzaliwa wa mjini hapahapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka kama cha mpiga debe. Mimi nilipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili ya zamani: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma uani, ambako wote tulipikia, tulifulia na kugombania bomba.

Chumba cha mbele alikaa shoga yangu na binti yake. Baba wa mtoto aliwahi kuwa kuli bandarini, kisha akahamia mkoa mwingine na mke mwingine, na katika habari hii hatutamhitaji. Shoga yangu aliuza vipodozi mezani, Mtaa wa Kongo. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, na kila asubuhi alipofungua maboksi yake ya poda alipiga chafya mpaka wauza viatu wa meza ya pili wakawa wanamhesabia kwa kelele, kama watu wanaotazama mpira.

Lazima nikueleze na habari ya sabuni, maana bila hiyo hutamwelewa mwanamke huyu. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni. Kulikuwa na wakati tulifulia majani ya mpapai, na mche wa sabuni ukipatikana uliukata kwa uzi ukamgawia na jirani, kwa sababu kesho utamwendea wewe. Shoga yangu alimzaa binti yake mwishoni mwa siku hizo, akamwogesha kwa maji matupu. Halafu milango ikafunguliwa. Kontena zikaanza kuteremka bandarini na Kariakoo ikanukia. Siwezi kulisema vingine. Ulikuwa unakata kona kutoka Msimbazi, unapokelewa na harufu ya waridi, ya limau, ya poda, ya mafuta ya nywele, vyote kwa mkupuo. Kwa mwanamke aliyeogesha mtoto kwa maji matupu, sabuni ya kunukia haikuwa anasa. Ilikuwa namna ya kumwambia mtoto kwamba hatakosa tena. Kila kilichokuwa kizuri mezani, cha kwanza kilikwenda kwa binti yake: sabuni ya waridi, losheni ya waridi, poda ya shingoni, marashi kidogo nyuma ya masikio.

Nyuma ya makopo ya poda, mezani pale, palikuwa na tyubu ndogondogo za dawa ya ngozi. Hizo hazikuhitaji kunadiwa. Wateja walizijua. Walinunua kadhaa, wakazikamulia ndani ya kopo la losheni, wakakoroga pamoja na vitu vingine ambavyo sitavitaja nisije nikamfundisha mtu, wakajipaka uso na mwili mzima ili wawe weupe. Huo ndio mkorogo. Yeye mwenyewe hakujipaka hata siku moja. Nilikuwapo mteja mmoja alipomuuliza, "Dada, mbona wewe umebaki hivyohivyo?"

"Mwenzangu," alimjibu huku anafunga mfuko, "muuza jeneza hujilaza ndani kulijaribu?"

Mteja akacheka, akachukua tyubu zake, akaenda.

Binti yake alikuwa darasa la pili, mtoto wa maswali, anayejua habari za vyumba vyote vya nyumba yetu kuliko mwenye nyumba. Tatizo lake lilikuwa mikono. Kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, ngozi yake ilikuwa kavu na nene, na ilimwasha. Hapa nisimame kidogo. Katika picha za vitabu vya kizungu utaambiwa ngozi ya namna hiyo huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo hauonekani sana. Utaona mahali pamekuwa peusi zaidi, au pana rangi ya majivu, na ukipitisha kiganja unasikia mikwaruzo kama ya msasa. Basi ndivyo alivyokuwa. Mchana wa joto, jasho likimtoka, nilimsikia kupitia ukutani akijikuna, kra, kra, kra, na mama yake akimwambia, "Acha! Acha, mama, utajichana!"

Kila mtu alikuwa na neno lake. Huyu alisema ni upele, yule alisema damu chafu, mwingine alisema minyoo. Kisha wakaingia kwenye chakula. Jirani mmoja alisema mayai ndiyo adui. Mwingine alisema kamba wa soko la samaki la Feri. Wa tatu alisema dagaa, na maziwa, na nyanya. Kwa kuwa mama alitaka mwanawe apone, alimkataza vyote, na mtoto akabaki na ugali na mchicha, anawatazama wenzake wakila dagaa wa kukaanga kama mtu anayetazama harusi dirishani.

Halafu mwalimu akamrudisha nyumbani. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto waliobanana kwenye dawati, na wazazi wa mtoto wa pembeni walikuwa wamemjia juu. Akamwambia shoga yangu, kwa upole, kwamba binti akae nyumbani mpaka apone kabisa, asije akawaambukiza wenzake.

Shoga yangu alirudi, akakaa kwenye kigoda uani, akayaacha maji ya chai yachemke mpaka yakaisha.

"Nampeleka kwa mama, Utete," akasema mwishowe. "Huko hakuna wa kumtenga."

"Na shule?" nikamuuliza.

"Shule itamsubiri."

"Shule haimsubiri mtu, shoga."

"Basi nifanyeje? Niambie wewe. Nimwache hapa watoto wamkimbie kama mwenye ndui?"

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido. Alikunja mikono yake nyuma, ili isionekane. Jambo lilikuwa hilo: ama ngozi ile itulie arudi darasani, ama mama na mtoto watengane, mmoja Kariakoo kwenye meza yake, mwingine ng'ambo ya Rufiji. Mimi nikamwomba mama kitu kimoja tu. Kabla ya Utete, amlete kwa daktari.

Alimleta. Nilikuwa chumba cha pili nachoma sindano, na katikati yetu lilikuwa pazia tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Daktari alimtazama mtoto vizuri, viwiko, magoti, shingo. Akauliza kama nyumbani kuna mwenye pumu. Mama akasema kaka yake, mjomba wa mtoto, anayo. Akauliza kuhusu mafua yasiyokwisha, na mama akakumbuka chafya zake. Kisha daktari akasema, kwa ule mwendo wake wa haraka:

"Huu ni ukurutu, mama. Wengine huita pumu ya ngozi. Ni wa mzio, unatembea kwenye familia. Ni sugu, lakini hauambukizi. Ngozi imekauka, ina uvimbe. Utampaka hii kutwa mara mbili. Umeelewa?"

"Ndiyo, daktari."

"Una swali?"

"Hapana, daktari. Ahsante, daktari."

Sasa wewe unayenisikiliza, niambie, katika maneno yale alitoka na nini? Ukurutu, pumu ya ngozi, mzio, sugu, uvimbe. Kila moja ni neno zuri la Kiswahili, na kila moja lilipita juu ya kichwa chake kama ndege. Ila alisema ndiyo. Sisi tulilelewa hivyo. Mbele ya daktari, kama mbele ya shehe au mwalimu, kuuliza sana ni kumwonyesha mtu kwamba humwamini. Heshima ni kuitikia. Ukishaitikia, unakwenda kuulizana na majirani uani.

Zilipita siku, na mimi nilidhani dawa inapakwa. Jumapili moja alasiri nilikuwa nafua, binti akaja kukaa karibu yangu, mikono ameifunga na khanga. Nzi walikuwa wanamfuata. Nikamfungua taratibu. Kwenye viwiko ngozi ilikuwa imepasuka, na ndani ya nyufa zile kulikuwa na maji ya njano yaliyokauka kama gundi.

"Dawa imekwisha?" nikamuuliza.

"Mama kaiweka juu ya kabati. Anasema ile si ya watoto."

Mama alitoka chumbani kabla sijamwita. Alikuwa ameisikia sauti yangu. Mkononi alikuwa na tyubu, mpya, haijafunguliwa, akaiweka chini mbele ya beseni langu.

"Wewe ni muuguzi, na nakuheshimu," akasema. "Lakini hii nimeiuza mimi kabla daktari wako hajafungua mlango wake."

Bibi mwenye nyumba alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Akanyoosha shingo. "Hee! Si zile za wale dada zako wa mkorogo? Daktari anataka mtoto awe Mzungu?"

Wapangaji waliokuwa jikoni wakaangua kicheko. Shoga yangu hakucheka.

"Nina mteja," akaniambia mimi, si wao. "Alikuja kwangu ana uso mzuri, mweusi, mororo. Kapaka hii. Mwanzo alikuwa kama chungwa, kila mtu anamsifu. Leo akipigwa na jua anawaka kama aliyekaangwa kwenye mafuta. Mishipa inaonekana mashavuni. Alifanyiwa upasuaji, kidonda kikakataa kufunga. Mimi namwuzia, Mungu anisamehe, yeye ni mtu mzima. Lakini huyu? Huyu nimpake kwa mikono yangu?"

Alichosema kilikuwa kweli. Ilikuwa dawa ileile. Mwanamke huyu hakukataa dawa kwa ujinga. Aliikataa kwa sababu alijua upande mmoja wa dawa hiyo vizuri kuliko sisi sote pale uani, na hakuna mtu aliyemwonyesha upande wa pili.

"Umesema kweli," nikamwambia. "Twende ukamwambie daktari hivyohivyo."

"Nimwambie daktari kwamba dawa yake ni mkorogo? Anifukuze?"

"Ukienda kwa mwenye duka la jumla, unanunua boksi bila kuuliza?"

"Weee! Nauliza imetoka wapi, inaharibika lini, yule mwenzake anauzaje. Ananichukia."

"Na anakuuzia?"

"Ananiuzia. Na chai ananipa."

"Basi kamchukize na daktari."

Bibi mwenye nyumba akasema mchele wake umekuwa na mawe mengi kuliko kawaida, ila nilimwona anatabasamu.

Kesho yake tulikaa watatu kwenye benchi la zahanati tukisubiri zamu. Binti akanivuta nguo.

"Mama mdogo, mzio ni mdudu?"

"Si mdudu. Unawajua sungusungu?"

"Wale wenye filimbi na virungu. Wanakamata wezi."

"Ndio hao. Sasa, ndani ya mwili wako kuna walinzi kama wao. Kazi yao ni kukamata vijidudu vinavyoleta maradhi. Walinzi wazuri. Lakini chukulia kuna mmoja ana wasiwasi kupita kiasi. Anamwona bibi mwenye nyumba anatoka dukani na sukari yake, anadhani mwizi. Anapiga filimbi. Wenzake wanatoka wote na virungu."

Macho yake yalipanuka. "Wanampiga bibi?"

"Wanataka kumpiga."

"Bibi atawapiga yeye!" Akacheka mpaka akajishika tumbo, na wagonjwa wa benchi la pili wakageuka.

"Ehe. Vurugu tupu, mabanda yanavunjwa, na mwizi hayupo. Huo ndio mzio. Wengine husema aleji, ni kitu hichohicho. Walinzi wa mwili wameshtushwa na kitu kisicho na hatia: vumbi, manyoya ya paka, harufu. Mahali wanapofanyia fujo pakiwa puani, unapiga chafya kama mama yako. Pakiwa kifuani, ni pumu. Pakiwa kwenye ngozi, ndiyo hiyo yako. Ndiyo maana daktari aliuliza habari za ndugu zenu."

"Na dawa inawafukuza?"

"Haiwafukuzi, tunawahitaji. Inawaambia, jamani tulieni, huyo ni bibi."

Mama yake alikuwa anatazama ukutani kama asiyesikiliza, lakini niliona amesogea.

Tulipoingia, alibaki amesimama. Aliiweka tyubu mezani kwa daktari kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu, akasema yote kwa mkupuo mmoja: meza yake, mkorogo, mteja wake, mishipa, kidonda. Alipomaliza alikuwa anahema. Mimi nilijiandaa kumtetea.

Daktari alivua miwani yake. "Mama, kaa," akasema. "Huyo mteja wako, anaipaka wapi?"

"Mwili mzima, daktari. Na uso."

"Kiasi gani?"

"Anakamua tyubu nzimanzima kwenye kopo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lini? Kila siku. Akiacha anarudi mweusi."

"Na mimi nilikwambia umpake mtoto wapi?"

Mama akaigeuza ile tyubu mezani.

"Kiasi gani? Mpaka lini?"

"Uliniambia kutwa mara mbili, daktari."

"Ehe. Basi hapo sikukueleza kitu," akasema daktari. "Na wewe ungempaka kama wanavyopaka wateja wako, ungekuwa na haki ya kuniogopa. Ni dawa ileile, sikatai. Ni kali, ndiyo maana inasaidia, na ndiyo maana inaharibu."

Akavuta kiti, akakaa upande wetu wa meza. Safari hii alikwenda polepole. Ukurutu, alisema, ni ngozi iliyoshindwa kushika unyevu wake. Ngozi yenye afya ni kama ukuta uliosiribwa vizuri. Ngozi ya mtoto huyu lipu imebanduka, maji yanatoka na vitu vya kuwasha vinaingia. Aliposema ina uvimbe hakuwa na maana ya jipu. Alitaka kusema ngozi imekasirika, imejaa damu na joto, inawasha. Dawa hii hutuliza hasira hiyo. Huwekwa mahali palipokasirika tu, pale kwenye kiwiko, si mkono mzima. Kiasi ni kile kinachokaa kwenye ncha ya kidole cha mtu mzima, na hicho kinatosha sehemu ya ukubwa wa viganja viwili. Pakitulia, unaacha na kurudi kwake aone. Usoni usiweke bila yeye kukuambia. Aliichukua tyubu ya mwanzo akaiweka kando, akampa nyingine iliyo nyepesi zaidi, inayofaa ngozi ya mtoto.

"Na haya maji ya njano?" nikamuuliza, ili mama asikie.

"Hayo ni mengine. Ukuta ukipasuka, vijidudu vinapata mlango. Hayo ndiyo maambukizi. Ukurutu wenyewe haumwambukizi mtu, hata alale naye kitanda kimoja. Lakini nyufa zikiingia uchafu, tunatibu na huo uchafu." Akampa dawa ya kunywa ya kuua vijidudu, akamwambia aimalize hata kama viwiko vimekauka, na ile ya kupaka aanze nyufa zikiacha kutoa maji.

Halafu akamshika binti mkono, akaunusa. Aliunusa kweli, kama anayenusa tikiti.

"Anaoga na nini huyu?"

Uso wa shoga yangu ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Daktari, huyu hakosi. Sabuni ya waridi, na losheni yake ya waridi, ile yenyewe, si ya bandia. Poda. Na marashi kidogo."

"Duka zima liko hapa mkononi," akasema daktari, bila dhihaka. "Mama, hizi harufu ndizo zinazowapigisha filimbi walinzi wake." Nikajua kwamba hata yeye alikuwa ametusikia kutoka kwenye benchi.

Nilimwona shoga yangu anashusha macho. Lilikuwa jambo zito kwake kuliko tyubu. Vitu vyote vizuri alivyompa mtoto kwa sababu hakuwa navyo zamani, ndivyo vilivyomwasha. Daktari naye aliliona. Akamwambia kwamba watoto wengine wanapakwa vitu hivyohivyo na hawana neno, na kwamba hakuna mama ambaye angejua bila kuambiwa. Awe anamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na harufu, kidogo tu. Akimtoa, asimsugue, amkaushe kwa kumgusagusa, na ngozi ikiwa bado mbichi ampake mafuta ya mgando, yale ya bei nafuu kabisa, mwili mzima, mara nyingi apendavyo. Nguo za pamba. Kucha fupi.

"Na mayai, daktari?" Binti aliuliza mwenyewe.

"Ukila mayai midomo inavimba? Unatapika? Unatoka mabaka palepale?"

"Sijui. Sijala siku nyingi. Zamani nilikuwa nakula tu."

Daktari akamtazama mama, na mama akaeleza habari za majirani. Daktari akasema amrudishie chakula kimoja kimoja, na asimkatishe mtoto chakula kwa maneno ya korido. Lakini chakula kikileta uvimbe wa midomo au shida ya kupumua, hapo si suala la kungoja zamu, ni kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Jioni ile, uani, mama alimpaka mwanawe mafuta ya mgando mbele ya watu wote. Mtoto aling'aa kama kitumbua.

"Waridi limekwenda wapi?" bibi mwenye nyumba akauliza. "Leo ananukia taa ya chemli."

"Ananukia nafuu, bibi," shoga yangu akajibu.

Baada ya siku chache nyufa zilikauka, akaanza na ile tyubu. Bibi alipomwona anakamua kwenye ncha ya kidole, akapaza sauti, "Sasa umeanza kumkoroga na mtoto?" Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu, lakini mama alinitangulia. Akakaa kwenye mkeka wa bibi, akamwonyesha kidole. Hiki kiasi. Hapa, si pale. Mpaka patulie, basi. Akamweleza na habari ya walinzi, na binti akaongeza kwamba karibu wampige bibi virungu, ila wameambiwa yeye si mwizi. Bibi akasema waje wajaribu.

Mikono ilitulia. Haikuwa laini kama ya watoto wengine, na palibaki weusi ambao ulikwenda ukififia polepole, lakini usiku mtoto alilala na mama naye akalala. Habari ya Utete ikaacha kutajwa, ila mama alikuwa bado anangoja apone kabisa, kama mwalimu alivyosema, ndipo amrudishe shule. Kisha ikaja miezi ya joto kali, jasho, na kiwiko kimoja kikaanza tena. Shoga yangu alinijia chumbani akiwa amevunjika moyo kabisa. "Si alipona? Sasa nini tena?"

Hapo ndipo tulipofungua neno la mwisho. Sugu. Yeye alidhani daktari alipotamka vile alikuwa anamwambia hakuna tumaini. Nikamwambia malaria ni mgeni: anakuja, unampiga dawa, anaondoka. Ugonjwa sugu ni mpangaji. Ana chumba chake. Siku nyingine humsikii, siku nyingine anafungulia redio. Humfukuzi, lakini unaweza kumzoesha adabu, na watoto wengi wakikua huyu mpangaji huhama mwenyewe. Kurudi kwake hakumaanishi dawa imeshindwa, wala kwamba mama amekosea. Unaanza upya: mafuta, dawa kidogo pale palipokasirika, unaacha.

"Kwa hiyo sikukosea," akasema.

"Hukukosea."

Alijifuta macho na ncha ya khanga. Kesho yake hakufungua meza asubuhi. Alimshika binti mkono, wakaenda shuleni. Mimi sikwenda nao, nilijitolea, akanikatalia. Aliporudi alinisimulia. Alimwambia mwalimu, "Shikamoo mwalimu, huu ni ukurutu, hauambukizi, shika mkono wake." Mwalimu alisita, akaushika. Akamwuliza mama, sasa vile vidonda vilikuwa nini? Mama akamfungulia maambukizi, na ukuta, na lipu. Mwalimu akauliza tena, na mama akajibu tena, mpaka kengele ikapigwa. Mwalimu akampeleka binti kwenye dawati lake, mbele ya wenzake, amemshika mkono uleule.

Tyubu zile zilipokwisha mezani, hakuleta nyingine. Wateja walizipata meza ya jirani, na kwa muda biashara yake ilipungua. Wachache walibaki, kwa sababu alikuwa akiwaeleza kwa nini haziuzi tena.

Nimekaa kwenye madirisha ya kutolea dawa kwa miaka mingi tangu hapo, na nimewaona wengi wakiitikia "ndiyo, daktari" huku macho yao yakisema hapana. Kwa hiyo fanya hivi. Ukipewa dawa, usiondoke. Uliza: ya nini, naiweka wapi, kiasi gani, na naacha lini. Kisha mrudishie aliyekueleza kwa maneno yako mwenyewe, na kama hayalingani, akueleze tena.